Sauti ya nguvu: ni kosa ao ni mazoea?

Kwetu Baraka, mutoto akisema na nguvu mbele ya wakubwa wanamuuliza: «Uko unaita mutu wa ngambo?» Ngambo kwetu sisi watu wa ziwa Tanganyika ni upande wa pili wa maji, na hata mwenye mapafu ya ng'ombe hawezi kusikiwa kule. Mimi nimeulizwa neno lile tangu mudogo, na sasa niko na wajukuu, bado ninaulizwa. Walipokuja kuniomba niandike juu ya heshima katika kusema, bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Desturi yenyewe inajulikana. Mbele ya bamukwe sauti inashuka. Penye kilio mutu anaingia polepole, anatoa mukono, anakaa, anangojea wenye kilio waseme kwanza. Mukubwa akiwa anasema, mudogo hapandishi sauti juu ya sauti yake. Kwa hiyo mwenye kusema na nguvu anahesabiwa kuwa hakufundishwa, na lawama inapita kichwa chake inaenda kwa mama yake.

Lakini wazee wale wale hawakupenda mutu wa kunong'ona. Kule lubunga, pale wanaume walikaa kukata maneno ya kijiji, mwenye neno alisema mpaka wa mwisho kule nyuma asikie. Watu wawili wakiinamishiana vichwa, wote waliwatazama: wako wanapanga nini? Kunong'ona kulikuwa jirani ya uchawi na uongo. Basi ukiangalia vizuri, desturi haikuwahi kusema sauti ya chini ni nzuri na ya juu ni mbaya. Iliomba mutu ajue yuko wapi na nani anamusikia. Na hapo ndipo shida ya watu kama mimi inaanzia, juu sisi hatujisikie.

Baba yangu alikuwa muvuvi wa ndakala. Kazi ile ni ya usiku, wakati mwezi haupo, taa zinawashwa juu ya maji ili samaki wapande. Mitumbwi inaitana gizani, motere inalia, upepo unabeba maneno. Anayesema kwa adabu kule haokoi mutu. Asubuhi baba alirudi nyumbani na sauti ile ile akaomba maji ya kunywa, na majirani wakafikiri anagombana na mama. Sisi watoto tulijifunza kusema kwake, kama vile mutu anajifunza kutembea kwa kutazama wenye kumutangulia.

Nilikuja kusoma kwamba mwaka 1911 daktari mumoja Mufaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo hili: mutu akiwa katika makelele, sauti yake inapanda yenyewe, bila yeye kutaka wala kujua. Makelele yakikatwa mara moja, inashuka. Muangalie mama anayefanya kazi kando ya mashini ya kusaga muhogo, kutwa nzima, miaka kumi. Sauti yake inakuwa ya mashini, na masikio nayo yanachoka. Masikio ya ndani yakianza kufa, mutu anasema na nguvu zaidi, kwa sababu hajisikie. (Ziba masikio yako na vidole kisha useme: utasikia sauti yako kubwa ndani ya kichwa, juu inapita katika mifupa. Siku nyingine nimejaribu kusema hivyo mbele ya wageni ili nishuke. Si jambo la kufanya mbele ya wageni.) Na mama yule wa mashini wanamusema vibaya kuliko mimi. Kwangu wanasema «ni vile alizaliwa». Kwake wanasema mume wake anapata taabu. Hiyo si haki, na nisingizie desturi yoyote, sitaweza kuitetea.

Sasa niseme lile linaloniuma. Rafiki yangu mumoja alinifuata penye kilio, akaniuliza kwa siri kama ninaweza kumungojea juu ya deni lake, kwa maana mutoto wake alikuwa mugonjwa. Nikamuinamia, nikamujibu kwa kile mimi nilikiona kuwa sauti ya chini: «Ile deni wacha kwanza, utalipa mutoto akipona.» Wanawake waliokuwa wakipika nyuma ya nyumba waliacha kukoroga. Neno langu lilikuwa la huruma, lakini yeye aliinuka akaenda, na miezi mingi hakupita mbele ya nyumba yangu.

Je, nilikosa? Wengine waliniambia hapana, moyo wako ulikuwa safi, sauti ni maumbile. Nilipenda jibu lile, kisha likanichoka. Kama ninajua mukono wangu unatetemeka, na ninakubali kubeba mutoto muchanga juu ya ngazi, nitasema nini akianguka? Kutetemeka si kosa langu. Kukubali kumubeba ni kosa langu. Vile vile na sauti: sikuichagua, lakini nilijua niko nayo. Ningemushika mukono tutoke mpaka barabarani. Sikufanya hivyo, juu kuinuka kulionekana kazi.

Na wasiniambie kwamba haiwezekani kujizuia. Mwezi wa kumi 1996 vita ilipoingia Uvira na kutelemka upande wetu, siku chache nyuma tulivuka usiku kwenda Kigoma. Kwa kuogopa watu wa bunduki kandokando, mwenye mutumbwi alikataza kila sauti. Usiku ziwa likitulia, neno dogo linafika mbali sana, kwa sababu hewa ya baridi iliyolala juu ya maji inalishikilia chini. Wote walimutazama baba. Aliomba kitenge cha mama, akakunja pembe yake, akaiweka katikati ya meno, akauma mpaka tukaona ngambo. Alipoitoa, ilikuwa na damu. Hakujiamini, ndiyo maana aliomba kitenge. Ninafikiri mutu yule, mwenye sauti iliyotufedhehesha mbele ya bamukwe wote, alijua adabu ya kusema kuliko wengi wenye sauti tamu.

Mimi siumi kitenge. Bibi yangu anagusa shingo yake, nami ninashuka; dakika mbili nyuma nimekwisha kupanda tena. Wengi wanasema inachosha kuniangalia nikijizuia, maneno yanatoka mafupi kama ya mutu mwenye hasira.

Rafiki yangu alirudi, mutoto akiwa amepona. Siku hizi akiwa na neno la siri hakai. Anasema tu: «Muzee, tushuke ziwani.» Tunakwenda muchana, wakati upepo wa kusini unapiga na mawimbi yanavunjika juu ya mawe. Kule ninapandisha sauti zaidi, naye anapandisha yake, tunapigiana kelele juu ya mambo ya ndani ya nyumba zetu, na watu wanaofua mbali kidogo hawashike hata neno moja.