Plasta Imetoka, Sasa Twende!

Siku plasta ya mguu uliovunjika inapokatwa, wazazi wengi hutarajia mtoto ashuke kitandani akimbie. Wanachokiona ni mguu uliosinyaa, ngozi kavu inayobanduka, goti lililokaza, na mtoto anayeng'ang'ania shingo ya mama. Mzazi mwenzangu, usikate tamaa! Mguu huo haujaharibika. Umekaa wiki nyingi bila kazi, na misuli isiyofanya kazi hunywea.

Tambua una nini mkononi. Mfupa wa mtoto umezungukwa na utando mnene wenye damu ya kutosha. Palipovunjika huota mfupa mpya, kisha mwili huuchonga taratibu kwa miezi na miaka. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 10 aliyevunjika paja, mfupa huo unaweza kukua kwa kasi hata ukafidia sentimita 1 hivi iliyopungua. Mtu mzima hana bahati hiyo!

Basi daktari akisharuhusu kukanyaga, mwache akanyage. Acha kumbeba mgongoni hata kwenda chooni. Ashike ukuta, ashike kitanda, ashike mkono wako. Jioni mtie mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mwambie aandike jina lake majini kwa kidole gumba. Atacheka, na huku kifundo kinalegea. Mlishe maziwa, mayai, dagaa, maharage. Wala usikubali mtu yeyote amvute au amkande mguu kwa nguvu.

Atachechemea. Wiki kadhaa, pengine miezi, hasa akiwa alivunjika paja. Usimkaripie "tembea vizuri!", wala ndugu zake wasimwigize. Wewe tazama jambo moja tu: je, wiki hii ni afadhali kuliko iliyopita? Kama ndiyo, songa mbele. Lakini maumivu yakizidi, mguu ukivimba upya au kupinda, akipata homa, au kuchechemea kusipopungua, mrudishe kliniki ya mifupa bila kungoja.

Mwenda pole hajikwai. Leo hatua mbili, kesho mpaka mlangoni, keshokutwa uani wanakocheza wenzake, na mchezo utamfundisha kutembea kuliko maneno yetu yote. Woga wake utapungua wako ukipungua. Simama mbele yake, nyoosha mikono, mwambie kwa sauti ya mtu anayeamini: "Haya mwanangu, njoo!"