Mungu Hana Upendeleo

Somo letu ni Warumi 2:1-16.

Nianze na M-Pesa. Ukikosea namba, pesa ziende kwa mtu usiyemjua, unataka zirudi saa hiyo hiyo. Asiporudisha, unamwita mwizi. Je, zikiingia kwako kimakosa, ni baraka? Hapo ndipo Paulo anatushika: ukijua kumhukumu mwenzako, basi sheria unaijua. Ndivyo Nathani alivyomnasa Daudi. Mfalme alimkasirikia tajiri aliyechukua kondoo wa maskini, akatamka hukumu, kumbe amejihukumu mwenyewe.

Sasa kuna jirani ambaye hajawahi kufungua Biblia, na pesa hizo anazirudisha. Nani alimfundisha? Paulo anasema hata mataifa wasio na torati wana sheria moyoni, na dhamiri inawashuhudia. Mimi nimeokoka, nimesikia mahubiri miaka mingi. Nikizila, kiti changu kanisani kitanitetea? Hapana. Mungu huangalia mtendaji, si msikiaji.

Ila dhamiri ni shahidi tu, si hakimu. Ukizoea kuinyamazisha, inakufa ganzi kama ngozi iliyochomwa na chuma cha moto (1 Timotheo 4:2). Tumshukuru Mungu, damu ya Kristo huisafisha (Waebrania 9:14). Na dhamiri iliyosafishwa haikai na cha wenyewe. Mpendwa, kama kwa simu yako kuna pesa isiyo yako, irudishe leo, kabla hujainua mikono kuabudu. Amina.