Aliyeachwa Hana Ushahidi

Jioni, pembeni mwa viwanja vya mchangani vya Temeke na Kinondoni, kuna kauli mbili hazikosekani. Ya kwanza ni "Huyu dogo atafika." Ya pili ni "Pale hamna kitu." Utazisikia Tandika, utazisikia Mbagala, utazisikia Kawe pale Tanganyika Packers. Anayezitoa anaweza kuwa kocha mwenye filimbi shingoni, bodaboda aliyeegesha kusubiri abiria, au mzee aliyetamba enzi zake. Zote mbili hutolewa kwa uhakika uleule, kana kwamba kesho ya mtoto imeshaandikwa miguuni mwake na kazi ya mtazamaji ni kuisoma tu. Ile ya kwanza hupimwa na miaka: dogo akifika tutajua, asipofika tutajua. Ya pili haipimwi na chochote, na hiyo ndiyo inayoninyima raha.

Tazama siku ya majaribio inavyokwenda. Timu ya vijana inatafuta wachezaji wachache, na watoto waliokuja ni wengi kuliko vizibao vilivyopo. Wanaulizwa namba wanazocheza, wanaingizwa kwa dakika kumi au kumi na tano, wanatoka, wanaingia wengine. Nilimfuatilia kijana mmoja wa Mbagala, mwembamba, wa mguu wa kushoto, amevaa njumu za kuazima zilizomzidi. Aliomba kumi na moja. Mawinga wa kushoto walikuwa wamejaa, akaambiwa acheze mbili. Mpira ulimfikia mara mbili. Mara ya kwanza ulimgonga ugokoni ukatoka nje, watu wakacheka. Mara ya pili, kabla haujamfika, aligeuza shingo akatazama nyuma yake, akauacha upite mbele ya mwili hadi mguu wa kushoto, akapenyeza pasi katikati ya watu wawili. Mshambuliaji hakuitarajia, ukapotea. Filimbi ikapigwa. "Nyie vueni vizibao, asanteni kwa kuja."

Kule kugeuza shingo hakufundishwi kwa siku moja. Ni dalili ya mtoto anayejua uwanja umekaaje kabla mpira haujamfikia, na wapo wanaolipwa mishahara ambao hawana tabia hiyo. Lakini hakuzai bao wala hakupigiwi makofi, na kwenye karatasi ya kocha hakukuwa na mahali pa kuandika jambo hilo.

Ugiriki ya kale walikuwepo wanafalsafa wa Megara waliodai kwamba mtu ana uwezo wa kufanya jambo pale tu anapolifanya. Mwashi ambaye hajengi sasa hivi, kwao hana uwezo wa kujenga. Aristotle aliwajibu katika Metafizikia: kama ni hivyo, basi anayefumba macho ni kipofu, na aliyeketi hawezi tena kusimama. Kila kocha atalikubali jibu hilo ukimweleza kwenye kijiwe cha kahawa. Kisha atakwenda uwanjani na kuhukumu kama mtu wa Megara: nilichokiona ndani ya dakika kumi ndicho kilichomo.

Fuata kinachotokea baadaye. Aliyechaguliwa anapata njumu za saizi yake, kiwanja chenye nyasi, chakula baada ya mazoezi, mtu wa kumhudumia akiumia, na mechi kila wiki. Baada ya miaka mitatu amekuwa mchezaji, na kocha anasema, "Si nilisema?" Aliyeachwa anarudi kwenye chandimu, kisha gereji au bodaboda, na baada ya miaka mitatu kweli hamna kitu. Kauli imejitimiza yenyewe, halafu inasimama kujitolea ushahidi. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, nami siwapingi. Ila nauliza ni upande gani wa mbingu uliotazamwa asubuhi hiyo, na kwa dakika ngapi.

Mbwana Samatta ndiye mfano wa mchezaji aliyeonekana ambao kila mtu wa Mbagala atakutajia, na ana haki. Alipitia African Lyon, timu ambayo zamani iliitwa Mbagala Market, akaenda Simba. Mwaka 2011 kura ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikaipangia Simba TP Mazembe ya Lubumbashi, timu iliyokuwa imetoka kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan Desemba 2010. Mazembe waliitoa Simba uwanjani, na mwaka huohuo wakamsajili Samatta. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akahamia Genk, na mwaka 2019 akawa bingwa wa Ubelgiji. Tunapenda kusema alionekana. Ni kweli alionekana, lakini kura ile ingeweza kuipangia Simba timu nyingine yoyote. Miguu ingekuwa ileile na njaa ya mabao ileile, nasi tungesema tulimwona vizuri, alikuwa mchezaji mzuri wa ligi ya nyumbani, basi.

Mtu huyohuyo, baada ya mabao zaidi ya 20 ya ligi katika msimu wa 2018/19 kule Genk, alikwenda Aston Villa Januari 2020, akaifunga Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, na hakupata bao jingine la ligi hiyo. Kwa hiyo Samatta halisi ni yupi, wa Genk au wa Villa? Swali lenyewe limekaa vibaya. Uwezo wa mtu hauko ndani yake peke yake. Uko pia kwa anayempa pasi, kwa kocha anayemsubiri, na kwa timu ambayo imezoea au haijazoea mbio zake.

Hata penye wataalamu jicho hukosea. Marekani, klabu za besiboli huchagua vijana kwa zamu kila mwaka, na zina maskauti ambao hawana kazi nyingine. Mwaka 1991 New York Yankees, waliokuwa na zamu ya kwanza kabisa, walimchukua mrushaji Brien Taylor. Aliumia bega na hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mwaka 1988 Los Angeles Dodgers walimchukua Mike Piazza akiwa wa 1,390, raundi ya 62, kwa sababu kocha wao Tommy Lasorda alikuwa rafiki wa baba yake. Mwaka 2016 Piazza aliingizwa kwenye jumba la magwiji wa mchezo huo, Cooperstown. Kilichomwokoa hakikuwa jicho la skauti. Urafiki ulimpatia muda, na muda ukatoa ushahidi. Nikifika hapo nawawaza watoto wa Mbagala ambao baba zao hawafahamiani na mtu yeyote.

Kuna pia suala la umri, ambalo kwetu lina uchungu wake. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, walienguliwa kwenye fainali za Afrika za U-17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 wakaingia fainali za Gabon baada ya Congo Brazzaville kuenguliwa kwa suala hilohilo. FIFA ilianza kukagua umri kwa kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U-17 la 2009. Mchangani hakuna MRI. Kuna macho, na macho hupenda mwili uliotangulia. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana miaka kadhaa katika kukua: mmoja ana mabega, mwingine sauti yake bado ya kitoto, na anayepewa kizibao ni aliyewahi. Dickson Job alikuwemo kwenye kikosi cha Serengeti Boys kilichokwenda Gabon. Si mrefu, nasi beki wa kati tunamtaka mrefu, lakini amekuja kusimama katikati ya ulinzi wa Yanga na Taifa Stars. Wangapi wa kimo chake waliambiwa wakatafute kazi nyingine?

Sisemi kila mtoto ana Samatta ndani yake. Wengi hawatafika hata wakipewa miaka kumi, na kuwadanganya ni ukatili wa aina yake. Lakini anayetamka "hamna kitu" ametenda jambo juu ya maisha ya mtu, na ana deni kwake. Deni lenyewe si kubwa: amtazame katika namba yake, mpira ukiwa unamfikia, na zaidi ya mara moja.

Kocha mmoja wa Tandika ninayemfahamu analilipa kwa daftari la shule. Anaandika jina, tarehe, namba aliyomchezesha mtoto, namba ambayo mtoto mwenyewe aliitaka, na jambo moja alilolifanya vizuri. Asiyechukuliwa huambiwa, "Leo sijakuona, dogo. Njoo Jumamosi nikupe namba yako." Kazi hiyo inamlia wikiendi zake. Nilimuuliza kati ya wanaorudi huwa anachukua wangapi. Wachache, alinijibu, lakini yule anayemwacha mara ya tatu anaweza kumweleza kwa nini, na dogo naye anakuwa na kitu cha kumbishia.