Ukuta wa Dari na Breki za Kwadi



Wiki hii sikuyatembelea mashirika ya waamini ya upande wa msitu. Kwadi ya parokia, ile pikipiki ya magurudumu manne, ilikuwa juu ya matofali kwa fundi, hapa hapa Mubi, magurudumu ya mbele yamefunguliwa, nami nimekalia kidumu nikimtazama. Siku nne nzima. Wengi mlipita mkanisalimu, na wengine mlicheka, maana padri anayeshinda gereji siku nne bila shaka kuna dhambi anayoilipia.

Hamkukosea.

Kwadi ile ni ya zamani, na breki zake za mbele zilikuwa za ngoma. Ndani ya kila gurudumu kuna chuma cha duara kama sufuria, na ndani ya sufuria kuna garnitire mbili zinazotanuka na kuusugua ukuta wake. Kwenye nchi kavu, ngoma haina neno. Lakini kati ya hapa na Njingala nani anaijua nchi kavu? Mpira wa kuzuia maji ukishachakaa, matope huingia, na yakiingia hayajui kutoka. Hukaa humo yakisaga chuma na garnitire pamoja, mpaka siku unavuta mkono wa breki na hakuna kinachoitika.

Fundi aliniambia zamani. "Padri, ya mbele haishiki tena." Nikamjibu nitakuja. Fedha zilikuwapo kidogo, ila halmashauri ya parokia ilikuwa imezikusanya kwa ajili ya mabati ya sakristia, nami nikaona breki ya nyuma inatosha. Tena niseme ukweli wote: vita ilipofika Walikale, Machi 2025, na watu wakamiminika barabarani na magodoro kichwani, kwadi hii ilibeba wazee na wagonjwa. Tangu siku hizo nikaizoea kama chombo cha rehema. Sikuwaza kwamba chombo cha rehema kinaweza kumgonga mtu.

Basi mwezi uliopita nilikuwa nashuka mteremko, mvua imetoka kukatika. Mama mmoja anapanda na kikapu cha mihogo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mnajua mzigo wa namna hiyo unavyoinamisha shingo: aliyeubeba haoni zaidi ya hatua nne mbele yake. Nikavuta mkono wa mbele, ukaja wote hadi kwenye usukani, mwepesi kama kamba ya ndoo iliyokatikia kisimani. Nikakanyaga ya nyuma, gurudumu likakwama, kwadi ikaanza kuteleza ubavu. Mama alisikia mngurumo akajitupa pembeni. Mimi nikaishia mtaroni, kikapu kikapasuka, mihogo ikabingirika hadi chini.

Aliinuka polepole. Akaitazama kwadi, akanitazama mimi, akasema: "Padri, ungeniua, halafu ungenizika wewe mwenyewe, na watu wangekutolea sadaka."

Nimekaa na neno hilo kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kuna sheria ndogo ambayo sijawahi kuihubiri, kwa sababu nilidhani haituhusu. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aizungushie dari ukuta, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikaiangukia nyumba. Dari za Waisraeli zilikuwa tambarare, na watu waliishi juu yake. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini kwake, chini ya mabua ya kitani. Petro kule Yafa alipanda darini kusali. Sisi paa zetu ni mabati au majani, hakuna anayepanda isipokuwa fundi na paka. Lakini tazameni sheria yenyewe inasema na nani. Haisemi na mgeni, kwamba awe mwangalifu akipanda. Haimwambii mtoto asicheze huko juu. Inasema na mwenye nyumba. Yeye tayari anajua ukingo uko wapi, hata gizani, na kwa hiyo ndiye wa mwisho kuuhitaji ukuta. Anaujenga kwa ajili ya asiyejua.

Walimu wa Kiyahudi wa kale waliipanua. Katika Talmud, Rabi Nathani anaitumia aya hii kumkataza mtu kufuga mbwa mkali au kuweka ngazi mbovu nyumbani mwake. Ngazi mbovu! Mwenyewe anajua kidato gani kimeoza, anakiruka kila siku. Mimi nilikuwa ninakijua kidato changu kwa muda mrefu, na kila asubuhi nilikiruka.

Sasa turudi gereji, maana huko ndiko nilikofunzwa.

Fundi alikataa kurudishia ngoma. Alisema atafunga diski, na kwa kuwa piesi za kwadi hapa hazipatikani, atatumia za pikipiki. Diski hukaa wazi: matope huipata, lakini gurudumu likizunguka hukwanguliwa na plaketi, na maji hutawanyika. Alichonga vyuma vya kushikilia vibano vinavyoiminya diski, akapima mara nyingi ili diski isiguse rimu kwa ndani, akafunga kibano cha pikipiki kila upande. Alisisitiza vibano viwe vya aina moja. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine, alisema, kwadi itakupeleka shambani kwa mtu.

Pampu ya mkononi ndiyo iliyotusumbua. Ya kwanza ilitoka kwenye pikipiki ya diski moja. Haikuwa mbovu hata kidogo, ila ilizoea kulisha kibano kimoja, na sasa imepewa viwili. Mafuta inayosukuma kwa mvuto mmoja hayakutosha kuvijaza vyote viwili, na mkono ukaja tena hadi kwenye usukani, vile vile kama siku ya mtaroni. Mimi nilikuwa tayari kuondoka hivyo. Nikamwambia, mwanangu, nikivuta mara mbili mbona inashika? Akaniuliza: "Na huyo aliye barabarani atakungoja uvute mara ya pili?" Akaifungua, akaenda kutafuta ya pikipiki kubwa, ile ya diski mbili mbele, ambayo tundu lake ni pana zaidi. Alirudi nayo kesho yake jioni. Mkono sasa ni mgumu, unadai vidole vyenye nguvu, lakini unashika mara ya kwanza.

Kisha tukatoa hewa. Alichomeka mpira mwembamba kwenye kibano, ncha ya pili akaitumbukiza katika chupa ya soda yenye mafuta kidogo. "Vuta, Padri. Shikilia. Usiachie kwanza." Analegeza nati, viputo vinapanda ndani ya chupa, anaikaza. "Sasa achia." Tena. Tena. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Kiputo kimoja kikibaki njiani, nguvu yote ya mkono wako inaishia kukiminya. Mtu aliyeieleza vizuri kanuni hii, kwamba msukumo juu ya kimiminika kilichofungwa huenea sawasawa pande zote, ni Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1623. Ni yule yule ambaye usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alikutana na Mungu kwa namna iliyomtetemesha, akayaandika aliyoyaona, na karatasi hiyo ikakutwa imeshonewa ndani ya koti lake alipokufa. Napenda kufikiri angefurahia ile chupa ya soda.

Nilikuwa nimebeba mafuta ya breki kutoka stoo ya parokia, kopo lililofunguliwa sijui lini. Fundi alilinusa akaliweka kando. Mafuta hayo huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya msituni kwetu mnaijua. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yastahimili hadi nyuzi 230 kabla ya kuchemka; yakishakunywa maji, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, maji yanageuka mvuke, na mkono unalegea wakati ule ule unapouhitaji. Kopo bado lilikuwa nusu. Nilisikitika kulimwaga, nakiri.

Motari wa hapa, waendesha pikipiki, wana hoja yao, na siidharau. Wengi huilegeza breki ya mbele makusudi, kwa sababu kwenye utelezi ikishika ghafla inakuangusha. Ni kweli. Lakini ukifunga breki, uzito hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Anayeilegeza amejikinga yeye na anguko, na gharama amemwachia aliye mbele yake. Wenye umri wanakumbuka ndege ndogo kutoka Goma zilivyokuwa zikitua juu ya barabara hii hii, pale Kilambo, kuchukua kasiterite, yale madini ya bati, iliyoteremshwa kutoka Bisie mgongoni mwa watu, kilo hamsini hamsini, kupitia msituni. Ndege haisimami upesi, kwa hiyo watu na mbuzi waliondolewa kwanza njiani. Mbele ya kwadi ya padri hakuna aliyemwondoa mtu.

Halmashauri imekubali kwamba fedha za mabati zimeenda kwenye diski, baada ya kikao kirefu ambacho sitakisimulia. Sakristia inaendelea kuvuja na ndoo iko mahali pake.

Ijumaa niliushuka ule mteremko, nikasimama bila shida, nikaenda hadi kwa yule mama. Alikuwa anamenya mihogo. Nikamweleza yote: diski, vibano, pampu ya kwanza na ya pili, hewa, mafuta. Nikamwalika auvute mkono mwenyewe. Akauvuta, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni mgumu. Alinisikiliza hadi nilipomaliza.

Kisha akaniuliza kama nimemletea kikapu.