Fedha na Jina Lake

Fedha haina rangi wala ukoo, lakini ina jina, na kwa jina lake twaweza kutambua nia ya mtoaji na hadhi ya mpokeaji. Ujira si sadaka, kodi si zawadi, na fidia si rambirambi. Yatupasa basi kusikiliza kwa makini majina ya fedha zitolewazo kwa ajili ya kuhifadhi wanyama na misitu, maana suala la haki limejificha humo.

Mkulima wa Karatu ambaye mahindi yake yameliwa na tembo usiku hapati fidia. Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 zinampa kifuta jasho. Na kama tembo amemuua mtu, wafiwa hupewa kifuta machozi. Maneno haya ni mazuri mno. Mshairi asingeyaonea haya. Lakini fidia humtaka mlipaji akiri kwamba ana wajibu, na kifuta jasho hakimtaki akiri lolote. Kanuni zile za 2011 ziliweka kiasi kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari moja, na shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikustahili kitu. Mzee mmoja aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, jasho limefutwa. Watoto watakula nini?"

Juu ya shamba la mzee yule umesimama msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Msitu huo hunasa ukungu na mvua, na chemchemi zinazonywesha Karatu hupata uhai kwake. Tembo hutoka humo pia. Nyuma yake liko bonde la kreta ambalo wageni huja kulitazama kutoka pembe zote za dunia, na ada walipazo langoni ni mojawapo ya nguzo za hazina ya uhifadhi wa Tanzania. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1959, ikatengwa na Serengeti ili Wamasai waliohamishwa huko wapate mahali pa kuishi pamoja na wanyama. Kilimo kikapigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Na tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, kwa hiari kama isemavyo serikali, kwa shinikizo kama wasemavyo wengi wa wakazi wenyewe. Hata hivyo jambo moja halina ubishi. Hifadhi ile imelipiwa na watu wawili: mgeni kwa dola yake, na mwenyeji kwa jembe aliloliweka chini. Wa kwanza hupewa stakabadhi.

Siku hizi wataalamu wanatafuta njia mpya za kuichanganya fedha ya umma na fedha ya wafanyabiashara. Sababu yao ni njema. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari, ilidhihirika kuwa hifadhi itegemeayo mgeni peke yake ni nyumba ya nguzo moja. Lakini mimi naona kwamba upya wa njia hauko katika mfuko itokamo fedha. Uko katika mkono unaoipokea, na kama mkono huo ulikuwa na uwezo wa kukataa.

Tuchukue mfano wa Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, kusini ya Karatu. Watu hawa huishi kwa asali, mizizi, ubuyu na nyama ya porini. Mti kwao ni ghala. Mwaka 2011 walipata hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Ndipo, kwa kushirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania, wakaanza kuuza nje hesabu ya hewa ya ukaa ambayo haikupanda angani kwa kuwa msitu wao haukufyekwa. Fedha zikalipia vijana wanaolinda msitu, matibabu na masomo ya watoto. Hapa hakuna jasho linalofutwa. Mwenye hati anauza, mnunuzi ananunua. Na mwenye hati angeweza kusema hapana. Ondoa hati ile, uache fedha ileile na wema uleule: papo hapo malipo yanageuka sadaka.

Najua pingamizi. Mnunuzi aliye mbali huenda akanunua utulivu wa moyo wake huku moshi wa kiwanda chake ukiendelea kupanda. Kweli, na ni aibu yake. Sioni kwa nini aibu hiyo ilipiwe na Mhadzabe kwa kunyimwa bei ya haki. Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: aliyeutunza msitu kwa kuwa ni ghala lake, akizoea kuutunza kwa kuwa una bei, atafanya nini bei itakapoanguka? Kwa swali hili sina jibu linaloniridhisha. Naona tu kwamba hati haianguki pamoja na bei.

Asubuhi ya kuondoka Karatu nililipa hesabu ya nyumba ya wageni: kitanda, chakula, maji ya kuoga. Katika karatasi ile hapakuwa na senti moja ya msitu ulioyaleta maji yale, wala ya mzee aliye chini yake. Sikuuliza.