Je, Mbegu Njema ni Mali ya Nani?



Jioni moja tuliketi Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, pamoja na mwalimu mmoja wa kanisa. Kila aliyefika huko apajua: jua likizama, wauzaji huwasha taa zao, na harufu ya pweza na ya muhogo wa kukaanga huenea pwani yote. Tulipokuwa tukila, mwalimu yule akasema, "Mchungaji, muhogo huu umenitia swali." Akaeleza ya kuwa katika mtaa wake yuko Mkristo mmoja mkulima, aliyepewa bure vipando vya muhogo usioshindwa upesi na maradhi. Shamba lake limesitawi, naye huwauzia wakaangaji wa mjini. Jirani yake, ambaye ni Mwislamu, muhogo wake umeoza ardhini, akaja kuomba vipando. Yule Mkristo akakataa, akisema, "Kila mtu akipanda muhogo huu, mimi nitamwuzia nani?" Mwalimu akatuuliza, "Je, mtu huyu ametenda dhambi? Hakuiba, hakusema uongo, wala hakumpiga mtu. Ameshika kilicho chake tu."

Hatukumjibu usiku ule, kwa maana swali lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Halihusu mkulima mmoja tu, bali mataifa nayo. Aliyejifunza jambo la kufaa katika kilimo, je, ana haki ya kulificha? Na aliyefundishwa, je, ana deni?

Tuanze na karafuu, zilizoipa Unguja sifa duniani. Mkarafuu si mti wa asili wa Unguja. Kwao ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Katika karne ya 17 Waholanzi walitaka karafuu ziwe mali yao peke yao. Wakaikata mikarafuu ya visiwa vingine, wakaiacha mahali pachache walipoweza kupalinda, hasa Ambon, ili bei isishuke. Watu waliokuwa wakiishi kwa miti ile wakaachwa katika umaskini. Walakini siri haikudumu. Mnamo mwaka 1770 watu wa Mfaransa Pierre Poivre waliichukua miche kwa hila, wakaipeleka kisiwa cha Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Basi fikirini, ndugu: yule mkulima alinena neno lile lile la Waholanzi, ila yeye hakuwa na shoka mkononi.

Walakini tusidhani ya kuwa maarifa yakiisha kufika mahali, upendo nao umefika. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na wengi wao walitekwa bara, katika nchi za wazee wetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hata mwaka 1897. Mche ulikuwa mwema, lakini mtu aliyeupalilia hakuwa huru. Kwa hiyo twajifunza mambo mawili: maarifa yaweza kufichwa kwa choyo, tena yaweza kuenezwa kwa choyo.

Sasa tuutazame muhogo. Huo nao ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga chuo cha kuchunguza mimea huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Ndugu zetu wa Tanga wapajua. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza wakakishika. Huko Amani, tangu miaka ya 1930, bwana H. H. Storey na wenzake walitafuta muhogo utakaoshinda maradhi ya batobato. Tena mwaka 1936 Storey ndiye aliyeandika kwanza habari za maradhi ya michirizi kahawia, yale yaozeshayo mizizi ardhini. Waliuzalisha muhogo pamoja na mti wa mpira wa Ceará, ambao ni wa jamaa moja nao, kisha wakaurudishia damu ya muhogo mara kwa mara hata mizizi yake ikafaa kuliwa.

Kazi ile haikubaki mlimani. Katika miaka ya 1950 mbegu zake zilipelekwa Nijeria, na baadaye zikazalishwa tena katika Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967. Hata Uganda ilipopigwa na batobato kali katika miaka ya 1990, mihogo iliyotoka Ibadan ilikuwa miongoni mwa ile iliyowarudishia wakulima chakula chao. Hivyo kazi iliyoanzwa Amani ilivuka Afrika, ikarudi Afrika ya Mashariki. Na kwetu Unguja, wataalamu wa Kizimbani wakishirikiana na wale wa Ibadan walitoa mwaka 2007 mbegu 4 za muhogo wenye kustahimili maradhi, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui.

Basi twauliza tena: mbegu hizi ni mali ya nani? Ni za watu wa Amerika, walioutunza muhogo kwanza? Ni za Mjerumani aliyejenga Amani, au za Mwingereza aliyezalisha? Ni za vibarua Waafrika waliochimba, wakapanda na kupalilia, na wengi wao majina yao hayamo vitabuni? Ni za Mnijeria, au za Mwunguja? Kila mmoja ameweka mkono wake, wala hapana awezaye kusema, "Ni yangu peke yangu." Na yule mkulima, aliyekuja mwisho kabisa akapokea bure, ndiye aliyefunga mlango.

Tena yako mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyatenda hata akitaka. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, aliwatesa ng'ombe wa Unguja kwa maradhi ya nagana. Mbung'o haulizi mpaka wa shamba wala dini ya mwenye ng'ombe. Kwanza walipunguzwa kwa dawa. Kisha, tangu mwaka 1994 hata 1997, mbung'o walifugwa Tanga kwa maelfu, madume yakafanywa tasa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, jumla yake zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hukutana na dume mara moja tu. Likikutana na dume tasa, halizai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Serikali zetu, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walifanya kazi hiyo pamoja. Kama kila mmoja angaliilinda siri yake, mbung'o wangalikuwapo hata leo.

Labda ndugu mmoja atasema, "Wageni hawaleti kitu bure." Neno hili lina kweli ndani yake, wala hatulikatai. Amani haikujengwa kwanza kwa ajili ya muhogo wa maskini, bali kwa faida ya wenye mashamba makubwa. Ndiyo sababu haitoshi tupewe mbegu tu. Yatupasa kuwamo katika kuchunguza na katika kuamua, kama wenzi wa kazi, si kama watu wa kunyosha mikono. Lakini kosa la mtoaji si udhuru wa mpokeaji. Mkulima wetu hakunyima kwa kuwa aliwaogopa wageni. Alimnyima jirani yake.

Mwingine atasema, "Mtenda kazi hastahili ujira?" Astahili. Aliyetoka jasho kupanda, kukata na kubeba vipando aweza kuviuza kwa bei ya haki, wala hatumlaumu. Lakini kudai ujira wa jasho ni jambo moja, na kutaka jirani abaki na njaa ili bei yako isishuke ni jambo lingine. Kumbukeni habari za Naamani katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 5. Kijakazi wa Israeli, aliyetekwa na watu wa Naamani, hakuficha alilolijua; alimwonyesha bwana wake njia ya kupona. Elisha naye hakupokea zawadi. Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari apate faida, akarudi na ukoma.

Jambo la tatu ni la hadhari. Maradhi ya michirizi kahawia huenea kwa vipando vilivyokatwa katika shamba gonjwa, na pengine majani yaonekana mazima kumbe mizizi imeoza. Atoaye bila kuchunguza humpa jirani yake ugonjwa. Kwa hiyo ukarimu wahitaji elimu: chimbeni kwanza mtazame mizizi, mwulizeni bwana shamba, kisha mtoe.

Sasa tumjibu mwalimu wetu. Daktari Martin Luther, alipoieleza Amri ya Saba katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuridhika kutukataza kuchukua mali ya jirani. Alitaka pia tumsaidie jirani azitunze na kuzizidisha mali zake. Kwa kipimo hicho yule mkulima amevunja amri, ingawa hakugusa hata jani moja lisilo lake. Wala Luther hakusema ya kwamba jirani ni Mkristo mwenzako tu. Na Bwana wetu, alipoulizwa jirani ni nani, alileta mfano wa Msamaria.

Nasi tulipokwisha kufikiri hayo, tulitahayari. Nyuma ya nyumba yetu mlikuwa na muhogo mwema, nao wapita njia walikuwa wameusifu mara nyingi, wala hatukumkatia mtu hata kipando kimoja. Hatukuwa tumekataa, tulikuwa tumenyamaza tu. Walakini kwa mwenye njaa ni mamoja. Juma lile tulichimba, tukatazama mizizi, tukakata vipando tukamtumia mwalimu yule, tukamwagiza ampelekee yule jirani Mwislamu, kisha amwambie mkulima Mkristo kwamba tunangoja kumwona.

Alikuja. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama jirani yake amekwisha kupanda. Tulipojibu kuwa bado mistari miwili haijajaa, alisema ataijaza yeye.

Basi, ndugu, kila mtaa na utenge kipande cha shamba la kanisa kiwe cha vipando safi, wapewe wote waombao. Na mwalimu asiwaulize dini yao.