Biashara na Mchezo Chini ya Dari Moja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, wengi katika watu wa pwani yetu huenda Dubai, hawa kwa biashara na hawa kuzuru jamaa zao. Kila arudiye huulizwa: "Dubai Mall umeingia?" Mimi nami nilipokwenda kumzuru dada yangu niliingia, na yaliyonipata humo nawaelezeni, kwani nasaha isiyoanza na nafsi ya mwenye kunasihi haina uzito.

Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 2008, chini ya mnara wa Burj Khalifa ambao urefu wake ni mita 828. Maduka yake yapita 1,000. Mna tangi la samaki lenye maji lita milioni 10, na uwanja wa barafu wa kutelezea, na sinema. Nje pana ziwa lenye chemchemi zirushazo maji kwa kufuata muziki. Haja yangu ilikuwa viatu vya skuli vya mwanangu. Aliyenipeleka ni mpwa wangu, kijana wa miaka 20.

Tuliingia baada ya Alasiri. Magharibi ilipoadhiniwa nilikuwa nimesimama nawatazama papa, nikajiambia: "Wakati bado upo." Kisha tukatazama barafu, kisha chemchemi. Mwisho mpwa wangu akanishika mkono akasema: "Mjomba, Isha yakaribia, na hatujasali." Wallahi niliona haya! Tukaenda mbio hata chumba cha sala, nacho kimo humo humo ndani. Tukawakuta vijana wauzao madukani, wamevaa sare za kazi, wamekwisha sali Magharibi nao wanaingojea Isha. Wenye biashara haikuwashughulisha. Aliyeshughulishwa ni sheikh aliyekuja kutazama.

Wala mtu asiniambie kwamba msafiri ameruhusiwa kukusanya sala. Naam, ameruhusiwa; lakini ruhusa hiyo ni ya aliyenuia, si ya aliyeghafilika kwa kutazama samaki.

Hapo nilikumbuka mwisho wa Suratul Jumua. Msafara wa chakula uliingia Madina Mtume (s.a.w.) naye yu juu ya mimbari akihutubu. Watu wakatoka kuukimbilia, wakamwacha amesimama. Sahaba Jabir amepokea kwamba waliobaki ni watu kumi na wawili. Mwenyezi Mungu akawalaumu waliotoka, na katika lawama hiyo akataja vitu viwili pamoja: biashara na mchezo. Leo hivyo viwili vimejengewa dari moja.

Sisemi kuingia ni haramu. Mtume mwenyewe alikuwa akienda sokoni, na Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina aliomba aonyeshwe soko. Lakini katika majengo haya, amalizaye kununua huvutwa na la kutazama, na amalizaye kutazama huvutwa na la kununua, hata umri ukapotea naye hana habari. Na mfano wake tunao hapa kwetu, Nairobi na Mombasa, ijapokuwa ni mdogo.

Basi yampasa mwenye kuingia ajue haja yake kabla ya kuvuka mlango, na kiasi cha fedha atakachotumia, asije akanunua kwa deni ili aonekane na watu. Ainamishe macho yake, mwanamume na mwanamke. Na akisikia adhana, aulize chumba cha sala kiko wapi kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Ama viatu vya mwanangu, sikuvinunua huko. Nilivinunua Mombasa niliporudi, kwa muda wa robo saa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu asitujaalie katika walioghafilika, na awalipe kheri vijana wetu watukumbushao. Amin.